Harufu ya Mafuta ya Taa

Shemeji yangu alifukuzwa kazi ya udereva kwa sababu ya maneno yangu. Niliyasema nikiwa nimesimama kwenye gereji yangu pale Ngara mjini, mchana kweupe, mbele ya mwenye gari, na niliyasema kwa sauti ya mtu anayeijua kazi yake.

Mwenye gari alikuwa mama mmoja mjane, mfanyabiashara wa maharage. Alikuwa akinunua kwa wakulima wa kwetu Kibimba na vijiji vya jirani, kisha pikapu yake inapeleka mzigo Biharamulo. Shemeji, mume wa mdogo wangu wa kike, aliiendesha pikapu hiyo kwa miaka minne. Mimi ndiye niliyempeleka kwa yule mama na kumwambia kwamba ni mtu mwaminifu.

Shemeji alizaliwa Burundi. Aliingia huku akiwa mgongoni kwa mama yake, akakulia kwenye kambi ya wakimbizi ya Lukole. Kambi ilipofungwa na wenzao wakarudi, wao walibaki, kwa kuwa mama yake alikuwa ameshaolewa na mkulima wa huku. Anaongea Kihangaza kama sisi. Hata hivyo, alipokuja kumposa mdogo wangu, baba alikataa karibu mwaka mzima. Sisi ni watu wa Kibimba tangu zamani, watu wa kanisani, na babu zetu wamezikwa kando ya migomba yetu. Baba alisema hawezi kumwoza binti yake kwa mtu asiyeweza kuonyesha kaburi la babu yake. Mwishowe padri alimwita wakazungumza, naye akakubali. Alikubali kwa mdomo. Kitu kikipotea nyumbani, hata jembe, aliuliza kwanza kama shemeji alipita pale.

Pikapu ilianza kusumbua msimu wa maharage. Shemeji aliileta mwenyewe, akazima injini na kunieleza taratibu, kama ilivyo kawaida yake.

"Shemeji, asubuhi likiwa la baridi linavuta vizuri. Nikifika Benaco, likishapata moto, ndipo linaanza. Linatoa moshi mweusi, nikikanyaga mafuta haliitiki. Na nikisimama injini inatetemeka mpaka vioo vinagongagonga."

Nilimsikia lakini sikumsikiliza. Ufundi mimi nilijifunzia chuoni, kwenye magari ya zamani, yale ambayo pampu na nozeli za kupulizia dizeli ndiyo mambo yote. Mashine ya kusomea hitilafu sikuwa nayo, na nilikuwa na tabia ya kusema kwamba mashine hizo ni za mafundi wasioweza kuisikia injini kwa masikio yao. Kwenye dashibodi taa ya injini ilikuwa ikiwaka, lakini ilikuwa ikiwaka tangu gari lilipofika Ngara, na sote tulishaizoea. Nikabadilisha filta ya hewa na filta ya dizeli. Nikafungua nozeli, nikazisafisha, nikazirudisha. Nililijaribu gari pale mjini, likaonekana zima. Baada ya siku tatu likarudi vile vile.

Safari ya tatu alikuja mama mwenyewe, akiwa ameketi kando ya dereva. Alimtuma shemeji dukani kununua maji, na alipokuwa mbali kidogo akanisogelea.

"Fundi, gari linakunywa mafuta kuliko zamani, na safari ni zile zile. Watu wananiambia maneno. Niambie ukweli, huyu hauzi dizeli yangu njiani na kujazia mafuta ya taa?"

Ningeweza kusema sijui. Mara nyingi nimejiuliza kwa nini sikusema hivyo. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa nimelifungua gari lile mara mbili bila kupata kitu, na hapa palikuwa na jibu ambalo halikunihitaji nikiri kwamba nimeshindwa. Nikachomoa mpira wa mafuta, nikakinga dizeli kidogo kwenye chupa ya plastiki iliyokuwa mezani, nikainua chupa juani. Nikanusa. Nikamwagia vidoleni, nikasugua, nikanusa tena.

"Yana mafuta ya taa," nikasema.

"Una hakika?"

"Harufu hii naijua, mama."

Shemeji alirudi na chupa ya maji mkononi. Mama hakuipokea. Alimwuliza pale pale, mbele ya mafundi wenzangu na mwanamke aliyekuwa akituuzia chai. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba hajawahi kuuza hata lita moja ya dizeli ya mama. Halafu akanigeukia.

"Shemeji, na wewe unasema hivyo?"

"Nasema nilichokikuta," nikamjibu.

Kisha akaweka ile chupa ya maji juu ya boneti, akatoa ufunguo mfukoni na kumkabidhi mama kwa mikono miwili. Akafungua mlango wa dereva, akachukua mto mdogo aliokuwa akiukalia kwa ajili ya mgongo wake, ambao mdogo wangu alimshonea, akauweka kwapani. Aliondoka kwa miguu kuelekea stendi.

Habari ilifika Kibimba kabla yake. Nilipokwenda kumsalimu baba Jumapili iliyofuata, nilimkuta ameketi nje akimenya maharage mabichi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaendelea kumenya. Baadaye akasema kwa Kihangaza, bila kuinua macho, "Mimi nilisema tangu mwanzo." Hakuonekana kuwa na furaha. Alionekana kama mtu aliyetua mzigo. Nikachukua konzi la maharage, nikamenya naye.

Mdogo wangu hakuja kanisani siku hiyo. Watu walianza kusema wazi maneno ambayo zamani waliyasema pembeni, kwamba Mrundi ni Mrundi, na mtoto wao mkubwa alirudi kutoka shuleni akiuliza baba yake aliiba nini. Shemeji aliomba kazi kwa watu wawili wenye magari, wote wakamjibu kwamba watampigia. Baada ya wiki mbili walihamia Kaniha, upande wa Biharamulo, wakakodi shamba kwa mtu na kulima mahindi na mihogo. Hawakuja kuniaga.

Yule mama akamchukua mtoto wa kaka yake kuwa dereva. Sasa dizeli alikuwa akiijaza mwenyewe, akisimama kando ya pampu mpaka mwisho, na tangi alilifungia kufuli. Haikufika hata mwezi, pikapu ikarudi gerejini kwangu. Moshi mweusi. Haivuti. Inatetemeka.

"Labda ni mabaki ya yale mafuta," mama akasema.

Nilimwitikia, lakini sikuamini. Tangi lilikuwa limemalizwa na kujazwa mara nyingi tangu shemeji aondoke, na hakuna mabaki yanayokaa namna hiyo. Nikafungua tena nozeli, zilikuwa safi. Nikapima mgandamizo wa injini, ulikuwa mzuri. Nikaangalia turbo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, ilikuwa ikizunguka. Nilibaki nimeinama juu ya injini ile kwa siku mbili, na mafundi wenzangu waliponiuliza nimeona nini, niliwajibu vibaya.

Mwishowe nilimwomba mama anipe gari nilipeleke Biharamulo mjini kwa fundi mmoja wa umeme wa magari niliyekuwa nimesikia habari zake. Yule dereva mpya aliendesha, mimi nikaketi kando. Asubuhi tulipotoka Ngara pikapu ilivuta vizuri kabisa. Tulipopita Benaco ikaanza. Nilitazama moshi kwenye kioo cha pembeni, nikakumbuka maneno ya shemeji, neno kwa neno, na mahali aliposimama alipokuwa akiyasema.

Fundi wa Biharamulo alikuwa mwanamke wa Kisukuma, mdogo kwangu kwa miaka mingi, amevaa ovaroli na kujifunga kilemba. Hakuligusa gari kwanza. Aliuliza:

"Dereva anasemaje?"

Yule mpya akainua mabega. Basi nikajibu mimi. Nikasema kwamba asubuhi likiwa la baridi linavuta, likishapata moto linatoa moshi mweusi, likikanyagwa haliitiki, likisimama linatetemeka mpaka vioo vinagongagonga.

"Nani aliyekueleza vizuri hivyo?"

"Dereva wa zamani."

"Huyo anajua kulisikiliza gari. Yuko wapi?"

"Aliacha kazi," nikasema.

Akachomeka mashine yake chini ya usukani, akasoma, kisha akaniita nitazame. Sikuelewa namba zile, na hakunicheka. Alinieleza kwamba injini hii ina valvu inayoitwa EGR. Kazi yake ni kuchukua sehemu ya moshi unaotoka na kuurudisha ndani uchanganyike na hewa mpya, ili injini isichome kwa joto kali mno na hewa ya sumu ipungue. Injini ikiwa ya baridi, valvu inakaa imefungwa. Ikishapata moto, inafunguka kidogo, na dereva akikanyaga sana inatakiwa ifunge. Masizi yakijaa inakwama. Ikikwama wazi, injini inaanza kuvuta moshi wake yenyewe badala ya hewa, dizeli haiungui yote, na gari linakunywa mafuta kuliko kawaida. Gari likilala likapoa, valvu inajiachia na kufunga, ndiyo maana asubuhi linavuta.

Aliiagiza valvu ijifunge kwa kutumia ile mashine. Namba haikusogea. Akaiagiza tena, haikusogea.

"Tuhakikishe kwa macho," akasema. "Mashine nayo inaweza kudanganywa na waya mbovu."

Tukafungua bomba la hewa linaloingia kwenye injini. Ndani palikuwa pamejaa masizi mazito yaliyochanganyika na oili, meusi, yameacha tundu dogo la kupitisha labda vidole viwili. Kisha akakata kipande cha bati kutoka kwenye kopo la mafuta ya kupikia, akakitoboa matundu ya bolti, akakibana kwenye maungio ya bomba la EGR ili moshi usirudi. "Hili si la kuacha humu," alisema, "ni la kupimia tu." Akawasha. Injini ilikuwa ya moto, na ilitulia. Akakanyaga mafuta, ikapanda bila kusita, na nyuma hapakutoka ule moshi.

Mafundi wawili waliokuwa karibu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mimi nilimwuliza swali nililokuwa nikiliogopa tangu Benaco.

"Masizi kama haya yanajengeka kwa muda gani?"

"Muda mrefu, fundi mwenzangu. Mwaka, zaidi."

"Na dizeli ikichanganywa na mafuta ya taa, inaweza kuleta hali hii?"

"Mafuta ya taa ni mepesi. Yataikausha pampu, injini itagonga. Lakini moshi mweusi hivi ni kwa sababu hewa imepungua, au dizeli imezidi. Halafu mafuta yaliyomo tangini ni yale yale asubuhi na mchana. Yangekuwa mabovu, yangesumbua tangu unapowasha."

Hayo niliyajua. Si kwamba alinifundisha jambo jipya. Nilifundishwa chuoni maana ya moshi mweusi, mweupe na wa bluu, na niliwafundisha wengine. Siku ile gerejini kwangu niliyaweka pembeni kwa sababu yalinizuia kujibu haraka.

Tukalitoa lile bati, tukaifungua valvu ili tuisafishe pamoja na bomba la hewa. Akanipa beseni lenye mafuta ya taa na brashi, nikachuchumaa nikasugua. Jasho liliponiingia machoni nikajipangusa kwa mgongo wa mkono, na harufu ikanipiga puani. Niliacha kusugua. Mimi naosha vipuri kwa mafuta ya taa tangu asubuhi mpaka jioni. Yamo mikononi mwangu, yamo kwenye nguo zangu, mke wangu huyasikia hata kwenye mto wa kulalia. Chupa ile niliyokingia dizeli ilikuwa mezani kwangu, na sikumbuki ilikuwa na nini kabla yake. Nimejaribu kukumbuka mara nyingi. Huenda ilikuwa ya maji. Lakini vidole vilivyosugua ile dizeli na kuipeleka puani vilikuwa vyangu.

Tulirudi Ngara siku hiyo hiyo, pikapu ikipanda vilima bila shida, dereva akipiga mluzi. Njia ya kwenda Kaniha niliiona. Sikumwambia asimame.

Mama alifurahi sana. Nilimweleza kuhusu valvu na masizi, nikamwonyesha kitambaa nilichofutia. Akakitazama, akasema, "Kumbe ndivyo yale mafuta yake yalivyoniharibia gari." Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Nilifungua mdomo, nikasema gari sasa lipo sawa, aangalie tu lisikae muda mrefu bila kusafishwa. Akaondoka akinishukuru.

Nilikaa na jambo hilo wiki tatu. Kazi niliifanya, lakini kila gari lililoletwa nililipima mara mbili na mara tatu, mpaka wateja wakaanza kulalamika kwamba nimekuwa mzito. Mke wangu aliniuliza nina nini. Nilipomweleza yote, hakunilaumu wala hakunipa pole. Aliniambia tu, "Basi nenda Kaniha."

Niliwakuta shambani, wakipalilia mahindi. Mdogo wangu aliniona kwanza, akaendelea na jembe lake mpaka mwisho wa mstari, ndipo akasimama.

"Karibu, fundi," akasema.

Tangu utoto wetu alikuwa akiniita kaka. Nilijifanya sikugundua. Shemeji alikuja akanishika mkono, akanionyesha gogo la kukalia, naye akaketi chini. Nikamweleza. Nilimweleza kuanzia mashine ya Biharamulo, bati la kopo, valvu, mpaka beseni la mafuta ya taa na harufu ya mikono yangu. Alinisikiliza kama siku ile mbele ya mwenye gari, bila kunikatiza.

Nilipomaliza aliuliza, "Ilikuwa imekwama wazi?"

"Wazi."

"Ndiyo maana haikuwa na pumzi kwenye vilima," akasema, na kwa dakika moja alikuwa dereva tena, akiitazama njia ile kichwani mwake. Kisha akaanza kukwangua udongo kwenye jembe lake.

"Nisamehe, shemeji," nikasema.

"Mimi nilijua tangu siku ile kwamba sikuiba. Habari hii kwangu si mpya. Nenda ukawaambie wale waliokusikia."

Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yake. Alisema jambo moja tu. "Na uanzie kwa baba."

Sikuanzia kwa baba. Nilianzia kwa yule mama mwenye pikapu, kwa kuwa nilijua nikichelewa nitaanguka tena. Nilimkuta ghalani kwake, wakulima wakipima maharage, nikaomba niseme mbele yao. Nilisema kwamba shemeji hakuchanganya mafuta, kwamba kosa lilikuwa langu, na nikaeleza kosa lenyewe. Mama aliketi juu ya gunia. Aliniuliza kama nilijua haya siku ile nilipomwonyesha kitambaa. Nikasema ndiyo. Akaniangalia kwa namna ambayo sitaisahau, akasema, "Kumbe ulinyamaza." Hakuniletea gari tena. Alimtumia shemeji ujumbe arudi kazini, na shemeji akajibu kwa heshima kwamba anashukuru, mahindi yake yanamhitaji.

Baba nilimwambia Jumapili. Alisikiliza, akauliza kama mama yule ameamini. Nikasema ameamini. Kisha akasema, "Mimi sikusema aliiba mafuta. Mimi nilisema tangu mwanzo," na akashindwa kumaliza alichokuwa amekisema tangu mwanzo. Aliingia ndani. Mwezi uliofuata alimpa mtu wa basi mkungu wa ndizi aupeleke Kaniha. Mdogo wangu aliupokea. Hajaja Kibimba.

Mimi nimenunua mashine ya kusomea hitilafu, na kila gari la dizeli likija na moshi mweusi naanza kwenye EGR kabla ya kitu kingine. Nimezikuta nyingi zimekwama. Mavuno ya mwaka huu nilikwenda Kaniha kusaidia kubeba mahindi. Shemeji alinipokea vizuri, tukafanya kazi pamoja siku nzima, na mdogo wangu aliniletea chakula akasema, "Fundi, chakula hiki hapa."

Wiki mbili baadaye nilipigiwa simu na mtu mwenye lori hapa Ngara. Alikuwa akitafuta dereva, mtu mmoja akamtajia shemeji yangu, lakini alisikia kulikuwa na mambo ya mafuta, na kwamba mimi ndiye niliyeyagundua. Nilimweleza kila kitu. Nilizungumza karibu nusu saa, nikarudia mara mbili kwamba hakuna kilichoibwa na kwamba aliyekosea ni mimi. Alisikiliza kwa adabu, akaniambia amenielewa, ila lori ni la watu wawili na itabidi ashauriane na mwenzake. Hakupiga tena. Nilimpigia mimi baada ya siku kumi, akasema wamempata mwingine.

Simu ile sijamweleza shemeji.